Strima mpya kwenye amplifaya ya zamani: inanguruma na besi imevimba, nimekosea wapi?

Mwana wa Chumbageni #1

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada wa wanaojua sauti.

Marehemu baba alituachia amplifaya ya Kijapani na spika mbili za mbao, zile ambazo kuhamisha moja lazima muwe wawili. Zimekaa stoo miaka kumi na moja zimefunikwa kanga. Mwezi uliopita nimezitoa, nikafuta vumbi, nikawasha kwa transfoma ileile aliyokuwa anatumia mzee ya kushusha umeme hadi 100V. Taa ya mbele ikawaka rangi ya chungwa kama zamani. Mama alikuwa jikoni, akaacha anachofanya akaja kuangalia.

Sasa nimenunua strima, kile kidude kidogo kinachovuta muziki chenyewe kutoka intaneti kwa waifai. Kampuni siitaji. Nyuma kina pini nyekundu na nyeupe, tundu la optikali, la ethaneti na la umeme. Nimetoa waya wa nyekundu na nyeupe hadi kwenye amplifaya. Umeme wa strima nimeuchukua kwenye USB ya TV kwa sababu iko jirani. TV nayo nimeiunganisha kwenye amplifaya kwa waya mwingine, ili taarifa ya habari isikike kwenye spika kubwa.

Shida ni mbili. Kwanza kuna mngurumo, "mmmmm", hata kabla sijacheza wimbo, na nikipandisha volumu nao unapanda. Pili, muziki ukianza besi imevimba, mwimbaji kama anaimba ndani ya pipa, na nikizidisha kidogo tu sauti inapasuka.

Maandishi ya nyuma ya amplifaya yamefutika. Kuna jozi tano za matundu, na mimi nimechomeka ya kwanza kushoto kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Ina kiskrubu pembeni yake. Kosa liko kwenye strima, kwenye waya, au mashine imezeeka? Mtaani nimeshaambiwa niuze chuma chakavu.

Kaka wa Ilala #2

Naweka kambi hapa. Mjomba ana mashine kama hiyo na ananizungusha mwaka wa pili sasa.

Sabufa Kwanza #3

Mkuu usijitese. Chukua sabufa yenye Bluetooth na rimoti, chomeka ukutani, maisha yaendelee. Vitu vya kizamani vinakula umeme na muda.

Fundi Transista #4

Mwana wa Chumbageni, jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Hicho kiskrubu! Skrubu ndogo peke yake pembeni ya matundu ni ya waya wa ethi, yaani wa ardhi, wa mashine ya santuri. Jozi iliyo jirani nayo ni PHONO. Umeingiza strima kwenye mlango wa santuri.

Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno, kwa hiyo mlango ule una kikuzaji cha ziada ndani. Zaidi ya hapo, santuri inakatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, na mlango wa PHONO ndio unaorudisha mambo sawa: unapandisha besi na kushusha sauti nyembamba. Ukiupa muziki ambao tayari uko sawa, unapata hicho ulichokisema, besi limevimba na mwimbaji yuko ndani ya pipa.

Hamisha. Jozi zilizobaki zitakuwa CD, TUNER, AUX na TAPE. CD, TUNER na AUX ni ndugu, yoyote inafaa. TAPE ndiyo uwe makini: mara nyingi kuna matundu mawili mawili, ya kurekodia na ya kuchezea. La kurekodia linatoa sauti, halipokei. Ukichomeka pale utakaa kimya usiku kucha ukidhani strima imekufa.

Mvuvi wa Sauti #5

Nawasalimu kutoka Mombasa. Fundi kwenye besi sina ubishi naye, lakini mngurumo mimi naulaumu ule waya wa USB ya TV.

Angalia njia ilivyo: TV imeungana na amplifaya kwa waya wa sauti. TV hiyohiyo imeungana na strima kwa USB. Strima nayo imeungana na amplifaya. Hapo ardhi ya umeme imepata njia mbili za kwenda mahali pamoja, yaani umefunga duara. Duara lile linashika mvumo wa umeme wa nyumba na kuupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya. Na kama TV ina king'amuzi chenye dishi juu ya paa, nguzo ya chuma na waya wake, ndiyo kabisa.

Yalinikuta. Nilihangaika wiki tatu, nikanunua waya wa bei mbaya, mngurumo ukabaki palepale. Siku fundi wa dishi alipokuja kuchomoa waya wa king'amuzi akarekebishe, nyumba nzima ikawa kimya. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, nikasimama.

Sabufa Kwanza #6

Fundi #4, tundu ni tundu. Pini inaingia, inashika, rangi zinafanana. Itajuaje kwamba hii ni santuri na ile ni CD?

Fundi Transista #7

Haijui, ndiyo maana inakuza kila kinacholetwa. Sindano ya kawaida hutoa kama milivolti 5. Strima nyingi kwa sauti ya mwisho hutoa volti 2, yaani mara 400. Hapo lazima ipasuke.

Bint Mkunazini #8

Skizeni, kuna kitu mnakiruka. Kasema ana transfoma ya kushushia umeme. Iko wapi? Kama iko nyuma ya amplifaya pamoja na waya za sauti, basi zile waya zinanyonya mvumo wa transfoma hata kama hazijagusana nayo.

Mimi yangu ilikuwa chini ya rafu, waya wa strima nimeuzungusha duara juu yake ili usionekane. Nilipouvuta ukaenda pembeni, mngurumo ulishuka palepale, nikiwa nimeushika mkononi. Niliurudisha, ukapanda. Nikafanya vile mara nne nzima nihakikishe siota.

Mhandisi Njia Panda #9

Wote mnazunguka. Amplifaya ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa 60Hz, sisi tunatumia 50Hz. Hata ukishusha volti, mawimbi hayabadiliki. Transfoma ya ndani inateseka, inanguruma. Ndiyo asili ya tatizo.

Kipanga Leicester #10

Mhandisi, hapo ni lazima nikusahihishe. Japani ina mawimbi yote mawili. Upande wa mashariki, Tokyo ikiwemo, ni 50Hz. Upande wa magharibi, Osaka na huko, ni 60Hz. Ndiyo maana vifaa vya kule kwa kawaida huandikwa 50/60Hz nyuma. Mwenye uzi aangalie kibati kilipo waya wa umeme, maandishi ya pale hugongwa na hayafutiki haraka.

Ungekuwa na haki kama mashine ingekuwa ya Marekani. Kule ni 120V na 60Hz, na zipo zilizoandikwa 60Hz peke yake. Hizo kwa 50Hz zinapata moto.

Mhandisi Njia Panda #11

Nimepokea, Kipanga. La Tokyo nilikuwa silijui.

Lakini mashine kukaa stoo miaka kumi na moja si mchezo. Kapasita kubwa za upande wa umeme, zile zinazoshika umeme na kuulainisha, zinakauka. Na kuna namna ya kutofautisha kwa sikio. Mvumo wa ethi mara nyingi ni mzito, wa chini, 50Hz. Kapasita zikichoka unapata 100Hz, juu yake kidogo, una ukali kama nyuki kwenye chupa. Mkuu, wako ni upi?

Mwana wa Chumbageni #12

Wakuu, Mungu awabariki.

Nimefanya ya Fundi kwanza. Nimechukua tochi ya simu na kitambaa chenye spiriti kidogo, nikasugua pale kwenye jozi ya kiskrubu. Ikajitokeza "PHO". Nimehamia jozi ya tatu, ambayo sasa nasoma "AUX".

Jamani, ni mashine nyingine! Besi limekaa mahali pake, magitaa mawili yanapishana kushoto na kulia, na kuna mtu anapiga kitu kama kengele ndogo nyuma kabisa ambaye miaka yote kwenye simu sikuwahi kumsikia. Nimekaa sakafuni hadi saa saba usiku.

Kibati kinasema 100V, 50/60Hz. Kipanga uko sahihi.

Ila mngurumo umepungua tu, haujaisha. Na Mhandisi, nimesikiliza mara nyingi, siwezi kuapa kama ni mzito au ni nyuki. Naona kama ni vyote viwili. Transfoma ndiyo, Bint, iko nyuma palepale, mzee alikuwa ameipangia kibao chake.

Fundi Transista #13

Safi sana. Sasa usinunue kitu chochote kwanza. Fanya haya kimoja kimoja, uandike unachosikia. Chomoa waya wa strima kwenye amplifaya, volumu sifuri, weka sikio kwenye kitambaa cha spika. Kisha rudisha waya, strima iwe kwenye chaja yake badala ya TV. Kisha chomoa waya wa TV. Kisha chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Mwisho tumia pawabenki kuwasha strima, maana pawabenki haina uhusiano wowote na umeme wa ukutani.

Kila unapochomeka au kuchomoa pini za sauti, zima amplifaya. Ule mlipuko wa "bup!" unaua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba.

Kaka wa Ilala #14

Swali la pembeni wakati tunasubiri. Mimi nina kile kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka AUX, nimekinunua Kariakoo. Kuna faida gani ya strima? Zote si zinatoka kwenye simu?

Bint Mkunazini #15

Hazitoki zote kwenye simu, kaka. Kwa Bluetooth simu yako ndiyo inayocheza wimbo, inaubana upya, halafu inaurusha. Ukipigiwa, muziki unakatika. Ukienda dukani na simu, muziki umeondoka nawe. Strima yenye Spotify Connect au ile namna ya Google Cast inapewa amri tu na simu, halafu inaenda kuchukua wimbo yenyewe kwenye intaneti. Simu inabaki rimoti. Mwanangu alizima simu yangu kabisa katikati ya arusi ya wifi yangu, muziki ukaendelea.

AirPlay, ile ya simu za Apple, haimo humo lakini. Ile kwa kawaida bado inapita kwenye simu, ila kwa waifai, kwa hiyo haibani kama Bluetooth.

Sabufa Kwanza #16

Na bando? Strima inakula GB nzima kwa saa, mtakuja kulia humu.

Kipanga Leicester #17

Tupige hesabu basi. Muziki wa 320kbps, yaani kilobiti 320 kwa sekunde: 320 mara sekunde 3,600 gawa kwa 8, unapata MB 144 kwa saa. GB 1 ni kama saa saba.

Ukitaka ubora wa CD, ambao ni biti 16 na 44.1kHz, ghafi yake ni 1,411kbps, yaani kama MB 635 kwa saa. Lakini hauletwi ghafi, unaletwa kwa FLAC, ambayo mara nyingi inapunguza hadi nusu au theluthi mbili bila kupoteza chochote. Kwa hiyo weka MB 320 hadi 420. Zile za biti 24 na 192kHz ndizo hatari, ghafi yake inapita GB 4 kwa saa. Hizo mwachie mwenye faiba isiyo na kikomo.

Mvuvi wa Sauti #18

Na mtu asikudanganye kwamba bila FLAC hujasikia kitu. Nilimfunga shemeji yangu macho kwa kanga, nikamchezea wimbo mmoja kwa 320 na kwa FLAC mara kumi. Alipatia sita. Kisha nikasogeza spika nusu mita kutoka ukutani, akasema "hapo umebadilisha nini?" Kuzipanga spika kuna faida kuliko hayo mengine yote.

Fundi Transista #19

Mvuvi, shemeji mmoja si ushahidi. Taarabu yenye kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla nyingi, 320 inazikoroga zikiwa pamoja. Mimi nasikia.

Mvuvi wa Sauti #20

Njoo Mombasa nikufunge kanga.

Nahodha Mutrah #21

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nafuatilia uzi. Kwangu mngurumo hakuna, shida yangu ni kukatika. Nyumba ina kuta nene za zege, ruta iko juu, strima sebuleni chini. Usiku watoto wakiingia kwenye michezo yao, muziki unasita kila dakika mbili. Nimeweka kwenye waifai ya 5GHz kama nilivyoshauriwa, imezidi kuwa mbaya.

Bint Mkunazini #22

Waalaykum salaam mjomba. 5GHz ina kasi lakini inachoka haraka ikikutana na ukuta. 2.4GHz inapenya zaidi, ila imejaa: majirani, Bluetooth, hata maikrowevu inaivuruga. Kwa kuta hizo vuta waya wa ethaneti tu, upitishe kwenye ngazi. Muziki ukifika kwa waya utasahau kama kuna ruta.

Na kama programu ya simu haiioni kabisa strima, angalia kama simu haiko kwenye mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinazuia vifaa vya wageni kuonana.

Nahodha Mutrah #23

Nimevuta waya mita 20 leo asubuhi. Haijasita tena tangu nimeanza kuandika. Shukran binti yangu.

Mhandisi Njia Panda #24

Turudi kwa mwenye uzi. Ushauri wangu: nunua DAC ya nje, yaani kile kidude kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa sauti ya kuingia kwenye amplifaya. Toa sauti kwenye strima kwa optikali, iingie DAC, kutoka DAC iingie amplifaya. Optikali ni mwanga, haina shaba, kwa hiyo mvumo wa strima hauwezi kuvuka. Unapata usafi na ubora kwa mpigo mmoja.

Fundi Transista #25

Strima yake ina DAC ndani tayari, ndiyo inayotoa hizo pini nyekundu na nyeupe. DAC ya nje nayo ina chaja yake. Chaja hiyo ikiwa mbovu umehamisha mngurumo kutoka chumba hiki kwenda kile. Optikali ingekuwa jibu la moja kwa moja kama amplifaya yenyewe ingekuwa na tundu lake. Ya mzee haina.

Kipanga Leicester #26

Nikiongezea, nilikuwa na Chromecast Audio, ile ya 2015 iliyoacha kutengenezwa 2019. Tundu moja dogo lilikuwa linatoa sauti ya kawaida na optikali pia. Kwa pini ilikuwa na mvumo mdogo, kwa optikali na DAC ukaisha. Kwangu Mhandisi anashinda. Ila plagi ya umeme ya amplifaya yangu ina pini ya ethi na ya mwenye uzi ina pini mbili tu, kwa hiyo si mashine sawa.

Mwana wa Chumbageni #27

Nimerudi na daftari. Nimefanya kama Fundi alivyopanga.

Waya wa strima nje, volumu sifuri: kimya, ila nikibandika sikio kwenye kitambaa nasikia kwa mbali sana.
Strima kwenye USB ya TV: mngurumo wazi, nausikia nikiwa mlangoni.
Strima kwenye chaja yake: umepungua.
Waya wa TV nje: umepungua tena, karibu nusu.
Dishi nje, waya wa TV nikiwa nimeurudisha: sawasawa na hapo juu.
Pawabenki, TV nje: mdogo, lakini upo. Spika ya kushoto inasikika zaidi ya kulia.
Transfoma nimeivuta mita moja na nusu pembeni: nadhani umepungua. Mke wangu anasema haujabadilika.

Mvuvi wa Sauti #28

USB ya TV imeanguka, waya wa TV umeanguka, dishi limeanguka. Mnataka mahakama gani nyingine?

Mhandisi Njia Panda #29

Lakini kwa pawabenki bila TV hakuna duara lolote, na mngurumo upo. Hata waya ukiwa nje anausikia sikio likiwa karibu. Hizo ni kapasita.

Bint Mkunazini #30

Mbona kushoto zaidi ya kulia? Kapasita za umeme zikichoka pande zote mbili zingelia sawa. Mimi nasema ni waya au tundu la kushoto, ethi yake haishiki vizuri. Abadilishe: nyeupe aingize palipo nyekundu, kwenye strima na kwenye amplifaya pia. Mngurumo ukihamia kulia, ni waya. Ukibaki kushoto, ni mashine.

Mhandisi Njia Panda #31

Si lazima zilie sawa, dada. Zipo mashine ambazo kila upande una kapasita zake.

Fundi Transista #32

Dada Bint kanipita hapo kwenye kubadilisha waya, nilipaswa kuliweka kwenye orodha. Mimi naongeza mshukiwa mwingine: swichi ya mbele ya kuchagulia, ya CD, TUNER, AUX. Miaka kumi na moja kwenye hewa ya bahari Tanga, vishikizo vyake vimeota kutu. Izungushe huku na huku mara 30 mashine ikiwa imezimwa. Mara nyingi hiyo peke yake inarudisha upande uliopotea.

Na volumu ya strima umeweka wapi?

Mwana wa Chumbageni #33

Strima iko 40, amplifaya naipandisha kupita nusu.

Fundi Transista #34

Geuza! Ingia kwenye programu yake, tafuta pa kuifanya sauti isibadilike, yaani itoke kamili, halafu rekebisha kwa kirungu cha amplifaya. Ukipunguza kwenye strima kisha ukakuza kwenye amplifaya, unakuza na uchafu wote uliopo katikati.

Kipanga Leicester #35

Nusu nakubali. Amplifaya nyingi za wakati ule zilitengenezwa AUX ikitosheka na kama milivolti 150. Ukiipa volti 2 kirungu kinafanya kazi robo ya kwanza tu, na pale mwanzoni vile virungu vya zamani pande mbili hazilingani. Aweke strima 80 hivi. DAC ikiwa ya biti 24, kila dB 6 (desibeli, kipimo cha sauti) unazopunguza unapoteza biti moja, na una biti nane za akiba juu ya CD. Hapotezi muziki wowote.

Kaka wa Ilala #36

Mbona hakuna anayemshauri Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja? Binamu yangu Arusha anatumia hiyo na Volumio, programu ya kuchezea muziki, na kibao cha DAC juu yake. Anacheza nyimbo za mzee alizohamisha kutoka kaseti, ziko kwenye flashi, wala intaneti haihitaji.

Mvuvi wa Sauti #37

Mimi ninayo. Nzuri mno kwa nyimbo zako mwenyewe. Ila umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, kadi ya kumbukumbu inaharibika. Yangu imekufa mara mbili. Weka nakala ya kadi kabatini, au iwe kwenye yupiesi ndogo, ile betri ya akiba umeme ukikatika.

Sabufa Kwanza #38

Nimesoma uzi wote. Niulize kwa nia njema: hizo spika za mzee, ule mpira mwembamba unaozunguka koni bado mzima? Ya baba mkwe niliigusa kwa kidole ikamomonyoka kama mkate mkavu.

Mwana wa Chumbageni #39

Hazina sponji, mkuu. Ukingo ni kitambaa kilichopakwa kitu kama gundi nyeusi, bado ni laini. Ndani ya amplifaya sijafungua. Kupitia matundu ya juu naona utando wa buibui na kitu kinachofanana na mayai ya mjusi.

Fundi Transista #40

Yaliyo ndani ya mashine za pwani hayaniogopeshi tena. Niliwahi kutoa kiota kizima cha mende kwenye amplifaya ya msikiti, na baada ya kusafisha iliimba siku hiyohiyo. Kinyesi cha mjusi kinakula shaba, kwa hiyo hilo nalo liweke kwenye orodha ya washukiwa.

Bint Mkunazini #41

Akifungua lakini! Kapasita kubwa zinashika umeme hata mashine ikiwa imechomolewa. Chomoa ukutani, iache usiku mzima, na usiingize kidole wala bisibisi kabla mwenye mita hajapima. Na yeyote atakayekushauri ukate pini ya ethi kwenye chaja au TV ili mngurumo uishe, usimsikilize. Ile pini inalinda watu wa nyumba yako.

Jirani wa Raskazone #42

Nimekuwa msomaji tu humu. Niko Tanga mjini, nilikuwa fundi redio kabla ya kustaafu, na mita ninayo. Nina pia transfoma ya 100V nzito kuliko hizo za dukani, unaweza kuijaribu usikie kama ya mzee ndiyo inayovuma. Jumamosi niko huru.

Mwana wa Chumbageni #43

Mzee wangu shikamoo. Njoo, nitakutumia ramani kwa ujumbe wa faragha. Swichi nimezungusha mara 30 kama Fundi alivyosema, kushoto kumepungua lakini bado. Waya sijabadilishana, nausubiri mkono wako.

Jirani wa Raskazone #44

Marahaba. Usibadilishe chochote kingine hadi nifike, nataka kuusikia ukiwa hivyohivyo. Tafuta bisibisi ya nyota ndefu na brashi ya rangi ambayo haijatumika.

Mhandisi Njia Panda #45

Mzee, ukifika anza na kapasita.

Bint Mkunazini #46

Aanze na waya!